Kufua Nepi Safi

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu kapiga simu jana. Amepata nafasi! Ni kituo cha watoto cha hapo hapo hospitali anapofanya kazi. Wauguzi wanaacha watoto asubuhi, wanawachukua zamu ikiisha. Aliomba tangu mwaka jana. Sharti ni moja: mtoto awe ametoka kwenye nepi. Hawabadilishi wala hawafui. Mwisho wa kuandikisha ni tarehe mosi Julai. Atakuja kumchukua Jumamosi ya tarehe 29.

Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Akaniomba nimsaidie hili moja la mwisho, dada yangu, hili tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi ndogo hiyo. Nikakata simu, nikakaa kwenye cherehani, sikushona kitu mpaka saa sita.

Bosi, huyo mwanawe, ana miezi ishirini na mmoja. (Mume wangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu anaamrisha nyumba nzima kwa kidole.) Alikuja kwangu ana miezi minne, mama yake alipopangiwa kazi huko mbali na hana wa kumwachia. Kwa muda, tulisema. Nepi zake nilizishona mwenyewe, kumi na nane, flana tabaka tatu, pindo mara mbili. Nimezifua mpaka zimekuwa laini kuliko mashuka yetu.

Mimi sikuzaa. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili hazikufika. Naandika hapa nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu hakuna mteja anayefika huku. Najua alikuja kwa muda. Najua! Naomba nisijifanye sijui.

Jumanne, 4 Juni

Poti imenunuliwa. Ya plastiki, kijani, ina macho ya chura. Bosi kaivaa kichwani. Mume wangu — fundi umeme — akasema hiyo ni kofia ya kazi, mtoto ameshaajiriwa.

Nimemvua nepi saa mbili asubuhi. Mpaka saa sita: madimbwi matano. Moja mlangoni, moja kwenye zulia, mawili sijui yalitoka wapi. La tano juu ya sketi ya shule ya mteja iliyokuwa imebaki kupigwa pasi tu. Nimeifua, nimeikausha, nimeipiga pasi. Mteja kaichukua jioni, kainusa, kasema inanukia vizuri. Nikajikaza nisicheke mpaka alipofika barabarani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata mtindo. Poti nimeiweka karibu na mguu wangu, pembeni ya cherehani. Kila nikimaliza mshono mmoja namkalisha. Nampa bobini tupu, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, achezee. Anakaa kwa heshima zake, anasimama, anapiga hatua mbili, anakojoa sakafuni. Huku ananitazama. Macho makavu!

Mama Mapacha kaniona napiga deki mara ya saba, kacheka hadi kashika ukuta. Ni jirani wa mlango wa pili, tunachangia ukuta na kamba ya nguo. Alisoma darasa moja na mdogo wangu, na wanaandikiana kwenye simu kutwa. Mapacha wake walikuja kuacha nepi karibu na kuanza shule, kwa hiyo anasema nisijisumbue, mtoto akitaka atataka.

Mgongo unauma. Lakini naona raha fulani. Sijui ni raha gani.

Jumapili, 9 Juni

Simu ya Jumapili. Bosi anamwita mama yake "Aloo". Ndiyo, kwa Bosi mama yake ni simu. Akisikia mlio anakimbia: Aloo! Aloo! Leo mdogo wangu kamwambia, sema mama. Bosi kanigeukia mimi, kasema mama.

 Mdogo wangu akacheka, akasema haidhuru, atajifunza. Akaniambia amenunua kitanda kidogo na chupi sita za maua. Kila akitoka zamu anakitandika na kukitandua, mwenzake wa chumbani anamwona amepagawa.

Nilimsikia alivyokuwa anahangaika kuchangamka. Ningekuwa mtu mwema ningeshinda nikimhurumia leo. Nimeshinda mchana mzima na hasira, sijui za nini.

Jumatano, 12 Juni

KOJO! Kwenye poti! Saa nne na robo!

Nilikuwa natia zipu. Bosi kaja mwenyewe, kakaa mwenyewe, kanyamaza. Kisha ile sauti, plastiki na maji. Akashtuka, akainama akaangalia humo ndani, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu chenye thamani. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nilimwinua juu, tukacheza, zipu ya watu ikabaki inaning'inia. Mama Mapacha akaja mbio akidhani kuna msiba au arusi. Nikamwambia tulikuwa tunacheza tu.

Mbona nilimwambia hivyo? Sijui. Midomo ilisema.

Jioni nilipokuwa nakunja nepi nikahesabu siku. Kumi na saba.

Jumamosi, 15 Juni

Siku tatu, hakuna dimbwi hata moja. Pupu pia. Anasema "kojo" na kunivuta sketi. Usingizini namvalisha nepi, anaamka kavu. Miezi ishirini na mmoja! Watoto wa watu wanafika miaka mitatu wamefungwa pampasi.

Mume wangu kasema tumpigie mama yake sasa hivi. Nimesema kesho ni Jumapili, atapiga mwenyewe.

Jumapili, 16 Juni

Kapiga. Mume wangu alikuwa ameitwa kutengeneza fyuzi ya watu. Mdogo wangu kauliza, vipi, anaendeleaje?

Nilifungua mdomo niseme tayari. Likatoka "bado". Bado kidogo. Anajitahidi, lakini bado.

Na lilitoka kirahisi jamani! Kila fundi cherehani ana neno hilo. Mteja anasimama mlangoni, kitambaa chake hata hakijakatwa, unamwambia uso mkavu: bado vifungo tu, njoo kesho. Nimelisema mara elfu na sijawahi kulikosea.

Kasema hamna shida, wiki mbili zipo. Kanishukuru. Bosi alikuwa amekaa kwenye poti pembeni yangu, anamwimbia bobini.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Mama Mapacha kaniuliza, jirani, mbona kamba yako tupu? Siku mbili sioni nepi.

 Huyu akiona tu, anaandika. Akiandika tu, mdogo wangu anajua. Nikasema nimezirundika, nafua leo. Nikaingia ndani, nikazitoa kabatini nepi kumi na nane zilizokunjwa vizuri, safi. Nikazitia ndooni. Nikamimina maji, nikaweka sabuni, nikafikicha. Nimezisuuza mara mbili. Nimezianika zote, vibanio viwili kwa kila moja.

Mwanamke mzima, nimefua nepi safi. 

Jumatano, 19 Juni

Mama Mapacha kasimama kambani, kashika nepi, kaigeuza mbele na nyuma. Kauliza natumia sabuni gani, mbona hazina hata doa? Za kwake zilikuwa zinabaki na ramani. Nikamtajia sabuni ya kipande ya kawaida. Akasema basi tatizo ni mkono wake.

Mchana nimezimwagia chai ya rangi. Nepi sita, katikati. Kisha nimezifua nusu nusu, ili doa libaki. Ningeona mtu mwingine anafanya hivi ningemwitia nduguze.

Na Mama Mapacha anaingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo tangu jana Bosi amevaa nepi kutwa, na chupi ya nailoni juu yake. Akisema kojo nangoja kidogo kama sijasikia.

Ijumaa, 21 Juni

Leo sitaki kuandika lakini nisipoandika nitajidanganya.

Bosi alikuja na poti. Kaibeba mwenyewe kwa mikono miwili, kaiweka mbele yangu, anavuta pini ya nepi, "Mama, kojo, kojo." Nje nilisikia Mama Mapacha anazungumza na muuza maji, mlango wazi. Nilichukua poti nikaipandisha juu ya kabati. Nikamwambia, kojoa humo humo.

Hakuelewa. Alinyoosha mikono kuelekea kabatini. Nikasema tena, kwa sauti. Humo humo! Basi akasimama katikati ya chumba, akaibana miguu, machozi yakaanza kabla ya mkojo. Nepi ililowa mbele yangu. Akajishika pale palipolowa kwa mikono yake miwili, kama anaficha.

Wiki iliyopita nilimpigia vigelegele kwa jambo lile lile. Nimefanya nini mimi?

Jumapili, 23 Juni

Hajapata choo tangu Alhamisi. Anajibana. Anasimama nyuma ya pazia, anakaza miguu mpaka uso unaiva, kisha inapita na anarudi kucheza bila raha. Kula hataki. Papai nimempondea, kalitema.

Mdogo wangu kapiga. Nimesema bado, na safari hii hata si uongo kamili. Akaanza kunituliza mimi! Kasema nisimkaripie mtoto, nisijichoshe, anajua nina kazi za watu. Kasema, "Dada, wewe umefanya zaidi ya mama." Kasema akikosa nafasi atakosa, muhimu mtoto asiogope.

Nilimwambia chaji inaisha. Haikuwa inaisha.

Jumatatu, 24 Juni

Zahanati. Mume wangu kaacha kazi, katupeleka. Daktari, mwanamke, wa makamo, kamgusa tumbo, Bosi kapiga kelele. Kasema ni choo kigumu, mtoto anazuia kwa kuogopa. Katoa dawa ya maji. Kisha akauliza, kuna kilichobadilika nyumbani? Kuna mtu amemtisha kwa habari ya choo?

Nikasema hakuna.

Mume wangu aliangalia sakafu. Daktari akaandika. Tulirudi, Bosi kalala begani kwa mume wangu.

Jumanne, 25 Juni

Dawa imefanya kazi, saa tatu asubuhi, kwa kilio ambacho sitaki kukikumbuka. Nilimshika mikono. Aliniuma kidole na nikamwacha aume.

Mchana mume wangu karudi kuchukua bisibisi. Kanikuta nalia juu ya ndoo. Kakaa kwenye kiti cha wateja. Kasema aliiona poti juu ya kabati tangu Ijumaa, akadhani nimeiweka nikisafisha. Jumamosi bado iko. Jumapili bado. Leo akaonja maji ya ndoo kwa pua, kasema haya hayanuki mkojo, haya yananuka chai.

Nilidhani atafoka. Alisema, "Mimi pia nitaumia akiondoka. Nikifika mlangoni nani ataniamrisha nivue viatu? Lakini mdogo wako si mteja. Huwezi kumwambia njoo kesho mpaka mtoto aote ndevu."

Nikamwambia nitamrekebisha. Siku nne zipo. Alijua mwezi huu mara moja, atajua tena, na Jumamosi mama yake atamkuta tayari na hakuna haja ya kumwambia yeyote lolote. Akauliza kwa nini nisipige simu sasa hivi. Nikasema kesho. Nikalisikia neno lenyewe likitoka. Yeye alichukua bisibisi akaondoka.

Jumatano, 26 Juni

Nimeishusha poti. Nimeiosha, nimeifuta, nimeiweka pale pale. Bosi kaiona, kajificha nyuma ya mlango. Nimekaa mimi juu yake kumchekesha! Imepasuka jicho moja. Hakucheka.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemvua nepi. Kaenda mwenyewe kwenye kapu, kaleta nyingine, kanipa. Anasimama na miguu wazi angoje kuvalishwa. Madimbwi afadhali. Dimbwi ni mtoto anayejaribu.

Ijumaa, 28 Juni

Ujumbe kutoka kwa mdogo wangu: anakuja kesho vilevile. Kazungumza na mkuu wa kituo. Mama yule kasema kama mtoto anajaribu tu, hata akikosea mara moja kwa siku, watampokea. Kamalizia na vicheko vingi.

Leo: hakukaa hata mara moja. Nimempigia magoti. Nimemwomba msamaha kwa maneno ya watu wazima, akaniwekea bobini mkononi.

Jumamosi, 29 Juni

Saa saba mchana. Nina dakika chache.

Kafika saa tatu na basi la asubuhi. Amekonda. Kaweka begi chini, kachuchumaa mlangoni, hakumkimbilia mtoto. Bosi kajificha kwenye sketi yangu. Mdogo wangu kaongea na mimi, kacheka na shemeji yake, kanywa chai, akamwacha mtoto amsogelee kwa wakati wake. Nusu saa! Alipoisikia sauti vizuri Bosi akatoa kichwa. "Aloo?" Akamgusa mdomo, kutazama inakotoka. Mdogo wangu akafumba macho aguswe. Niliwaona. Pua moja, paji moja. Siku zote nimekuwa nikiliona hilo na kulipita.

Akatoa zile chupi za maua, kazipanga mkekani, kamwambia achague. Bosi kachagua ya njano. Kavalishwa, kajitazama, katembea nayo kwa mwendo wa maringo. Sote tulicheka. Nikawaza, Mungu anataka kunisitiri, itapita.

Mdogo wangu akampakata. Akamnong'oneza, kojo? Twende pale kwa chura?

Bosi alikakamaa. Akakojoa pale pale mapajani, kwenye gauni la safari. Na wala hakulia kama watoto wanavyolia. Alijifunika kwa mikono miwili, akateremka, akaenda kwenye kapu, akarudi na nepi. Akampa. Akasimama na miguu wazi, anatetemeka kidevu.

Mdogo wangu alishika ile nepi muda mrefu. Kisha akamvalisha, vizuri, pole pole, pini ikielekea pembeni kama nilivyomfundisha alipojifungua. Alipomaliza akasema kosa ni lake. Kwamba amemharakisha. Kwamba mtoto anajua anataka kuondolewa kwa anayempenda na ndiyo anavyokataa, hana maneno mengine. Nikasema hapana. Akasema, "Dada, usinitetee. Abaki. Nimeona mwenyewe." Nafasi atamwachia mwenzake mwenye mtoto aliye tayari. Nyingine huenda ikapatikana mwakani, huenda isipatikane.

Na akanishukuru! Kwa uvumilivu. Mbele ya mume wangu. Kanishika mkono huu huu, kaupeleka shavuni, shavu limelowa.

Mume wangu katoka nje. Nilimfuata mpaka barazani. Kasema neno moja, kwamba hatanisemea, kwani aliyedanganywa ni ndugu yangu na si wake.

Basi nimekipata nilichokitaka. Abaki. Neno lenyewe, na kalisema yeye. Sikuomba, sikupigana, nimepewa na shukrani juu yake. 

Nikisema, atamchukua leo. Atamchukua hivi alivyo, anaogopa poti na anaficha mikono, na labda wampokee kwa huruma na labda wasimpokee, na mimi hatanisamehe. Nisiposema, atanipigia kila Jumapili kunishukuru. Mwaka mzima. Na Bosi atakuwa kwangu, anasimama nyuma ya pazia.

Mdogo wangu yuko chumba cha pili. Anataka kumpigia mkuu wa kituo aiachie nafasi, mapema, ili mwenzake asiipoteze. Simu yake ilizima. Kasema ikipata chaji dakika kumi inatosha. Ndizo dakika ninazoandikia.

Anakunja zile chupi. Namsikia anaziweka begini moja moja, anamhesabia mtoto. Moja. Mbili. Bosi anarudia. Tatu.

Simu imewaka. Anabonyeza. Ukuta huu ni mwembamba, nasikia mpaka inavyoita upande wa pili. Inaita. Nimeshika mlango kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, kama mjinga. Inaita. Hawajapokea